Zilipendwa na Zilizosikilizwa

Kila ifikapo mwanzo wa Desemba, mpwa wangu anayesoma hapo Chuo Kikuu, Mlimani, hunijia nyumbani Msewe akiwa na simu mkononi. Huniamkia haraka kuliko desturi, kisha husema, "Mjomba, njoo uone mwaka wangu." Mwaka wake ni ule uliohesabiwa na huduma ya kusikilizia muziki aliyojiandikisha: nyimbo tano alizozisikiliza zaidi, wasanii watano, na dakika zote alizotumia tangu Januari. Safari ya mwisho wimbo uliotangulia ulikuwa wa Jay Melody. Aliusikiliza mara 212. Nikamwuliza swali ambalo mtu wa rika langu hawezi kujizuia kuliuliza: wenzake wangapi nao waliupenda? Akacheka. "Haionyeshi watu, mjomba. Inaonyesha mara."

Sentensi ile ilinikaa kichwani kwa majuma kadhaa. Mimi ni mtu wa kutunga mashairi na kusahihisha ya wenzangu, na kazi hiyo humzoeza mtu kusimama pale neno linapobadilika pasipo watu kutambua. Nikaanza kuangalia namna magazeti na redio zetu zinavyozitangaza hesabu hizi. Nikakuta kwamba wimbo ukitazamwa mara milioni 10 kwenye YouTube, sisi huandika kuwa umepata "watazamaji milioni 10". Mwezi Juni 2020 ilipotangazwa kwamba video za Diamond Platnumz zimetazamwa mara bilioni 1, wako walioandika kuwa ana watazamaji bilioni moja, yaani mtu mmoja katika kila wanane duniani. Hakuna aliyestuka. Mara ziligeuzwa kuwa watu kwa kiambishi kimoja tu, *wa-*, na ngeli ya kwanza ikapata raia ambao hawakuzaliwa.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba ninalalamikia sarufi tu. Kiswahili kimeupima wimbo kwa njia nyingi, na kila njia iliacha alama katika namna tunavyotunga. Nataka nieleze historia hiyo kwa kadiri ninavyoijua, nikiwa nimekaa hapa Ubungo, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilipita mlangoni petu.

Nianze na neno lenyewe. Wimbo wa zamani ambao watu hawakuuacha tunauita *zilipendwa*. Ni kitenzi kizima kilichofanywa jina bila kubadilishwa vazi: *zi-* ya nyimbo, *-li-* ya wakati uliopita, *-pend-*, kisha *-w-* ya kutendwa. Mtendaji hakutajwa, lakini yumo, kwani hakuna kupenda pasipo mpendaji. Sasa liweke kando ya *zilizosikilizwa zaidi*. Kwa sarufi ni ndugu, zote za kutendwa na zote za wakati uliopita. Kwa maana, hata hivyo, zimeachana. Wimbo waweza kusikilizwa na simu iliyosahaulika mezani, mwenyewe akiwa bafuni. Kupendwa hakuwezekani hivyo. Na neno *kutiririsha*, ambalo baadhi yetu tumelipendekeza kwa kitendo hiki, silikatai, ila hunichekesha kidogo: tumechagua sitiari ya mto halafu tukakaa kuhesabu matone.

Mashine ya kwanza kuupima wimbo wa Kiswahili haikuhesabu wasikilizaji. Ilipima urefu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu au zaidi kidogo. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu anajua maana yake: wimbo ambao ungeimbwa taratibu, wasikilizaji wakitunza na mwimbaji akirudia ubeti uliowagusa, sasa ulipaswa kuisha kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Beti zikachaguliwa. Nyingine zikaachwa Unguja. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa Siti, alimtukuza kwa sauti na kwa tabia. Mimi humsoma pia kama mtunzi aliyejua kabla yetu sote kwamba chombo kinachobeba wimbo kina mkasi ndani yake.

Redio ilikuja na mkasi wa aina nyingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na kufikia 1965 tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa Bara ndiyo iliyokuwa redio pekee hadi miaka ya 1990. Bendi zilirekodi katika studio yake, kwenye utepe wa sumaku, na utepe haukujali dakika tatu. Nyimbo zikarefuka zikafika dakika saba, nane. Tanzania Bara haikuwa na kiwanda chake cha santuri, kwa hiyo nyingi zilizochapwa zilichapwa Nairobi, na huko wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili, kama kitenge kinachogawanywa kwa dada wawili. Nyumbani kwa wimbo, hata hivyo, palibaki kwenye utepe wa Redio. Msikilizaji hakuweza kuununua. Aliweza kuuomba.

Basi watu waliomba. Vijana hawazijui tena kadi za salamu, kwa hiyo nizieleze. Ilikuwa kadi iliyochapwa, ikiuzwa madukani, yenye nafasi ya jina la mtumaji na mahali alipo, jina la wimbo, mistari ya majina ya watakaopokea salamu, na chini kabisa sehemu ya ujumbe. Uliijaza, ukabandika stempu, ukaipeleka posta, ukangoja. Huenda wiki tatu, huenda miezi miwili. Kisha siku moja, mkiwa mnakula, mtangazaji anaanza kusoma, na nyumba nzima inaacha kutafuna.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, na alikuwa mpenzi wa salamu wa kupindukia. Kila kadi aliinakili kwenye daftari kabla ya kuituma, kwa kalamu ya buluu, kwa hati ambayo wanafunzi wa siku hizi wangedhani imechapwa. Daftari lile ninalo. Limebeba kadi 43, zenye majina zaidi ya 500. Nyimbo alizoziomba kwa miaka yote ile ni 11 tu.

Nimezitafakari sana tarakimu hizo. Kama ungempa baba yangu simu ya mpwa wangu, angeonekana msikilizaji maskini: nyimbo 11, kila mmoja umesikika mara chache, pengine mara nne katika mwaka. Lakini kila mara ilikuwa na majina kumi na mawili, kumi na matano: mashemeji wa Morogoro, wafanyakazi wa zamu ya usiku, jirani aliyelazwa Muhimbili, mlezi wake wa utotoni Kisarawe. Hesabu ya kadi ilikuwa ya watu, nao walitajwa mmoja mmoja, kwa sauti, nchi nzima ikisikiliza. Na ule ujumbe wa chini, wapenzi wa lugha! Wengi waliandika methali, lakini baba na wenzake walishindana kutunga mishororo miwili yenye vina. Naamini kwa dhati kwamba zile kadi zilikuwa shule ya ushairi iliyokuwa na wanafunzi wengi kuliko darasa lolote la *Sheria za Kutunga Mashairi* za Kaluta Amri Abedi, na hakuna mhakiki aliyeitembelea.

Bendi ambayo jina lake limejaa daftarini ni ya huku kwetu. Mlimani Park Orchestra ilianzishwa 1978, ikiwa chini ya shirika la umma la usafiri na teksi, na ilichukua jina la ukumbi wa Mlimani Park ulioko upande wa Chuo Kikuu. Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar walikuwa miongoni mwa waliouanza moto. Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule wakaimba. Michael Enoch, aliyeitwa King, akawa mwalimu wa vyombo. Mwaka 1983 Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, liliichukua, nayo ikawa DDC Mlimani Park. Mtindo wake, Sikinde, ulibeba jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii tunayopigia lami. Watu wakaikamilisha: Sikinde, ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani.

Radio Tanzania ilikuwa na desturi ya kuwaachia wasikilizaji wauchague wimbo bora wa mwaka, na Sikinde iliibuka na ushindi zaidi ya mara moja. Hilo ndilo lililokuwa orodha yetu ya Desemba. Lakini kabla ya wimbo kufika kwa wasikilizaji ulipita kwanza mikononi mwa wasomaji, na hapa naomba subira, kwa kuwa jambo hili husahauliwa. Bendi haikuingia studio na kuimba ilichotaka. Maneno yalipelekwa kwanza kwa maandishi, nayo yalisomwa na kamati. Mtunzi alijua kwamba shairi lake litakaguliwa juu ya meza, bila gitaa la kulifunika. Ndiyo maana nyimbo nyingi za enzi ile husimama hata ukiziandika kwenye karatasi tupu: zina mwanzo, zina msemaji na msemwa, zina kisa cha ndoa au barua au safari, na kituo kinachokuja kwa wakati wake. Kisha, maneno yakiisha kusema, bendi iliingia kwenye chemko, na miguu ikachukua zamu yake. Nusu ya kwanza ilikuwa ya masikio, ya pili ya viuno. Hakuna aliyeona ajabu kungoja dakika nne ili acheze.

Sitaki kuisifu kamati ile kupita kiasi. Kamati iliyokuwa inasoma ndiyo iliyokuwa inazuia, na mfano mkubwa tunao pale Sinza. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa kiongozi wa Super Matimila, alitunga *Mambo kwa Soksi*, wimbo uliowataka wanaume watumie kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa unatuzikia vijana. Redio haikuupiga. Kwa kipimo cha redio wimbo ule ulikuwa sifuri. Kwa kipimo cha mtaa, ulizijaza kumbi, na neno *soksi* likapata maana mpya ambayo kila mtoto wa Manzese aliijua kabla hajaruhusiwa kuijua. Remmy alifariki Desemba 2010. Leo ukipanda daladala ya kupitia Sinza utamsikia kondakta akitangaza kituo cha "kwa Remmy", na abiria ambaye hajawahi kusikia hata noti moja ya Super Matimila atashuka hapo na mfuko wake wa nyanya. Sijui huduma gani ya mtandaoni ina safu ya kuandika jambo kama hilo.

Miaka ya 1990 nitaipita kwa hatua ndefu, si kwa kuwa haina mambo bali kwa kuwa wengine wameieleza vizuri. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango, Radio One ikaingia 1994, na stesheni zikafuatana. Kanda zikawa bidhaa. Wasambazaji wa Kariakoo ndio walioshika hesabu za mauzo, na msanii aliamini alichoambiwa. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ikatuletea COSOTA. Tuzo za Kilimanjaro zikaanza wakati huohuo, na baadaye kura zikapigwa kwa ujumbe wa simu. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, jina la msikilizaji lilipoanza kupotea. Kura ya simu ni namba ya simu. Kadi ilikuwa na baba yangu ndani yake.

Bongo Fleva ilikua katika kipindi hicho, na katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa na maneno mengi kuliko dansi. Professor Jay katika *Ndiyo Mzee* alijenga mazungumzo kamili kati ya mwanasiasa na wananchi wanaomwitikia. Hicho ni kijalizo cha ngonjera, na Mathias Mnyampala angelitambua umbo lake mara moja, hata kama asingelipenda suruali. Nalisema hili kwa sababu wako wazee wenzangu wanaodhani vijana ndio waliozifupisha nyimbo. Vijana walikuta kipimo kimebadilishwa.

Kipimo chenyewe kilifika Ubungo kwa njia mbili. Ya kwanza ni simu za bei nafuu: Boomplay, iliyozinduliwa 2015, ilikuja imekwisha kuwekwa ndani ya simu za TECNO, kwa hiyo watu wengi hapa hawakuwahi kuichagua, waliikuta tu, kama unavyokuta kikokotoo. Ya pili nakumbuka wiki yake. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli alizindua barabara za juu za Ubungo, zilizopewa jina la marehemu John Kijazi, pamoja na kituo kipya cha mabasi cha Mbezi Luis. Mabasi ya mikoani yakahama. Ile stendi ya Ubungo ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa inapiga nyimbo zake zote kwa wakati mmoja, kila kibanda na spika yake, kila muuza kanda na baadaye kila muuza sidii na wimbo wake, ikanyamaza. Na siku hizohizo Spotify ilikuwa inafungua huduma yake katika nchi zaidi ya 80, Tanzania ikiwamo. Sitadai kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Nasema tu kwamba katika wiki moja tuliupoteza mlango wa kusikia nyimbo ambazo hatukuzichagua, tukapewa mwingine unaotusikilizisha zile tu tunazozichagua, tena ukiwa umeshika kalamu.

Sasa kalamu hiyo huandika nini? Katika Spotify wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Ukiukatisha sekunde ya 29, haukupigwa. Ukiusikiliza dakika nane hadi mwisho wa chemko, umepigwa mara moja tu, sawa na aliyeishia sekunde ya 31. Nilipoisoma kanuni hiyo nilifanya jambo ambalo mtunzi yeyote angelifanya. Nilikaa jikoni, nikaitegea saa ya ukutani, nikaimba shairi la mizani kumi na sita, ubeti mmoja wa mishororo minne, kwa mwendo wa kawaida wa kughani, mizani mbili kwa sekunde. Mizani 64. Saa ikaonyesha sekunde 32.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, na mke wangu akaja kuuliza kama kuna msiba. Basi huo ndio ukweli wake: kwa hesabu ya mashine, thamani ya wimbo ni ubeti mmoja wa tarbia, na kibwagizo chake kimefika kwa bahati nzuri sekunde mbili baada ya kengele kulia. Wahandisi wa Sweden hawakuwa wanamwaza Muyaka walipoichagua sekunde ya 30. Lakini mtunzi wa leo, akitaka kuishi, lazima awaze hilo. Kama kituo huja mwisho wa ubeti, msikilizaji aliyechoka huenda asikifikie. Basi kituo kihamishwe mwanzoni. Kiitikio kitangulie, kisa kifuate, au kisa kisifuate kabisa. Sikiliza nyimbo zilizoongoza kwetu katika miaka hii ya karibuni utaona: sauti ya mwimbaji huingia mapema, neno lile litakaloimbwa na watoto shuleni husemwa ndani ya ubeti wa kwanza, na wimbo mzima hurudi kwenye zile dakika tatu za santuri ya Bombay. Mzunguko wa karibu karne moja, na tumerejea tulipoanzia, ila Siti alikatwa mwishoni na sisi tunakatwa mwanzoni.

Haki itendeke: si kila wimbo umetii. Mwishoni mwa 2022 Diamond alitoa *Zuwena*, na ni kisa, chenye mhusika na anguko lake, si kiitikio kitupu. Jina hilohilo Marijani Rajab alikuwa amekwisha kuliimba na Dar International, enzi za utepe. Watu waliusikiliza kisa kile mpaka mwisho. Naye Zuchu, binti wa Khadija Kopa, ameurithi utamu wa mafumbo ya taarabu, na fumbo lina sifa kwamba laweza kuingia katika sekunde 30 na likaendelea kufanya kazi baadaye, jioni, mtu akiwa anaosha vyombo. Pengine mafumbo ndiyo yatakayotuokoa. Lakini nasema *pengine* kwa makusudi.

Kuna tukio moja la 2013 ambalo daima hunirudia nikifikiria orodha hizi. Mzee Gurumo, akiwa na zaidi ya nusu karne katika muziki, tangu NUTA Jazz hadi Sikinde na Msondo, alitangaza kustaafu. Hakuwa na gari. Diamond, katika hafla ya kuizindua video ya *Number One*, alimwita mzee akamkabidhi gari. Watu walishangilia, wengine walilia, na mwaka uliofuata, mwezi Aprili, Gurumo akafariki. Wengi walilichukua tukio lile kuwa hadithi ya ukarimu, na kweli lilikuwa ukarimu. Mimi niliona vipimo viwili vimesimama jukwaani vikitazamana. Mmoja aliimba kwa miaka ambayo wimbo uliombwa na maelfu kwa kadi, ukapigwa, ukapendwa, na hakuna senti iliyofuata jina. Mwingine aliimba katika miaka ambayo kila mgusano wa kidole unaandikwa. Nikiwa mkweli, siwezi kumtakia mtunzi yeyote arudi kwenye enzi ya Gurumo kwa sababu tu kadi zilikuwa nzuri. Majina hayalipi kodi ya nyumba. Namba hulipa, ingawa kidogo, na si kwa wote: tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 kwa mwaka. Kijana wa Kimara aliyesikilizwa mara 900, na huenda ni na watu 900 tofauti wanaomjua kwa jina, kwa mwaka huo ni sawa na Remmy na soksi zake redioni.

Na bado hatujataja yale yasiyoingia kabisa. Mwaka 2024 wimbo uliosikilizwa zaidi Spotify duniani ulikuwa *Espresso* wa Sabrina Carpenter, zaidi ya mara bilioni 1.6. Tembea nami kutoka Msewe hadi Manzese Jumamosi jioni. Utahesabu harusi mbili, baa tano, daladala zisizo na idadi, saluni, na yule kijana mwenye kompyuta na mwavuli anayekujazia nyimbo kwenye memori kadi au flashi kwa shilingi elfu moja. Humsikii Sabrina. Unasikia mchiriku, singeli, taarabu ya miaka ya 2000, kwaya, na kila baada ya nyumba kadhaa, Sikinde. Hakuna hata wimbo mmoja kati ya hizo ulioandikwa popote, kwa kuwa flashi haina kalamu na harusi haina bando. Orodha ya mwaka, basi, ni orodha ya wenye bando. Tungeiita hivyo, nisingekuwa na ugomvi nayo.

Desemba hii, mpwa wangu aliponionyesha mwaka wake, mimi nami nikamwonyesha wangu. Nilimletea daftari la baba, nikamfungulia kadi ya mwisho, ya 43. Haina alama ya tiki ambayo baba aliiweka kila kadi iliposomwa hewani. Inaomba wimbo mmoja wa Mlimani Park ambao sitautaja, maana ulikuwa wa nyumbani kwetu. Mpwa wangu akautafuta kwenye simu. Ukapatikana mara tatu: mmoja umeandikwa jina la bendi nyingine, mwingine jina lake limekosewa herufi, wa tatu hauna jina la mtunzi wala mwimbaji, na nani anayepokea kilichomo sikuweza kujua. Akaubonyeza ule wa tatu.

Magitaa yakaingia bila haraka. Nikaanza kusoma majina, kwa sauti ya mtangazaji, kama tulivyokuwa tukiigiza utotoni. Sekunde 30 zikapita tukiwa bado kwa mashemeji wa Morogoro, mwimbaji hajafungua kinywa. Nilipofika jina la kumi na moja mpwa wangu akaweka kidole juu ya karatasi.

"Huyu si bibi?"

"Ndiye."

"Si walikuwa wanaishi nyumba moja?"

"Walikuwa wanaishi nyumba moja," nikamwambia, nikaendelea na la kumi na mbili.